Ernest Gaines: Mwandishi aliyefunzwa na wazee wa barazani

Riwaya ya The Autobiography of Miss Jane Pittman ilipotoka mwaka wa 1971, wapo wasomaji walioamini kwamba bikizee anayesimulia humo maisha yake, tangu zama za utumwa hadi miaka ya sitini, alikuwa mtu wa damu na nyama. Hakuwahi kuwako. Aliumbwa na Ernest J. Gaines, Mmarekani mweusi kutoka jimbo la Louisiana. Je, mwandishi huyu aliitoa wapi sauti iliyosadikika kiasi hicho?

Jibu linaanzia mbali na chuo kikuu. Gaines alizaliwa Januari 15, 1933, katika shamba kubwa la River Lake, pale Oscar, kaunti ya Pointe Coupee. Ukoo wake uliishi katika vibanda ambavyo zamani vilikuwa vya watumwa. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kisheria tangu karne ya 19, lakini ardhi ilibaki ya wenyewe. Darasa lilikuwa ndani ya kanisa la hapo shambani, nalo lilifunguliwa miezi mitano au sita tu kwa mwaka, maana watoto nao walihitajika kazini.

Aliyemlea ni bikizee wa ukoo wake, Augusteen Jefferson, aliyemwita shangazi. Mama huyu hakuwahi kutembea maishani mwake. Alijikokota sakafuni, na vivyo hivyo akapika, akafua na kulea watoto. Kwa vile hangeweza kwenda kwa watu, watu walimwendea yeye. Wazee walijazana barazani kwake wakipiga soga, mtoto Ernest akiwasikiliza na kuwaletea maji au kahawa. Wengi wao hawakujua kuandika, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wao wa barua. Kazi hiyo haikuwa lelemama. Mzee akishatoa salamu zake hukwama, na mtoto hulazimika kuijaza karatasi kwa maneno ambayo mzee mwenyewe angeyasema. Hebu niambie, kuna shule gani ya uandishi inayoshinda hiyo?

Mwaka wa 1948, akiwa na miaka 15, ilimbidi aondoke. Kwao hapakuwa na shule ya upili ya kumfaa mtoto mweusi, basi akamfuata mamake na babake wa kambo mjini Vallejo, California. Huko ndiko alikoingia maktaba ya umma kwa mara ya kwanza, kwani zile za kwao zilikuwa za wazungu. Alisoma, akasoma tena. Aliwapenda Warusi, hasa Turgenev na Chekhov, kwa jinsi walivyowaandika watu wa mashambani. Lakini wale wazee wa barazani hakuwaona katika kitabu chochote. Akaamua kuwaandika yeye mwenyewe.

Akiwa bado kijana wa shule alituma mswada wake New York. Ukarudishwa, naye akautia moto. Hakufa moyo, bwana! Baada ya kutumikia jeshi alihitimu chuoni San Francisco mwaka wa 1957, kisha akapata ufadhili wa kusomea uandishi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mnamo 1963 alirudi Louisiana kwa miezi kadhaa, na mwaka uliofuata hadithi ile iliyoteketea ikazaliwa upya kwa jina la Catherine Carmier. Tangu hapo karibu kazi zake zote zimefanyika katika mji wa kubuni wa Bayonne na viunga vyake, yaani kwao kwa jina jingine.

Kinachonivutia zaidi mimi mwalimu wa lugha ni jinsi alivyoyashughulikia mazungumzo. Waandishi wengi waliomtangulia, kila walipotaka kumwonyesha mtu mweusi wa mashambani, waliivuruga tahajia ya maneno yake hadi msomaji akamcheka msemaji kabla hajamsikia. Gaines aliiacha tahajia ilivyo kwa sehemu kubwa. Alichokichukua kwa wazee wake ni mahadhi: jinsi sentensi inavyoanza, neno linavyorudiwa, na mahali msemaji anapopumua.

Ndiyo maana alipoivuruga tahajia, alikuwa na sababu nzito. Katika A Lesson Before Dying ya mwaka wa 1993, kijana Jefferson anahukumiwa kifo baada ya wakili wake mwenyewe kumlinganisha na nguruwe katika kumtetea. Mwalimu Grant anampelekea daftari na penseli gerezani. Anachokiandika Jefferson hakina herufi kubwa wala vituo, na maneno yameandikwa jinsi anavyoyasikia. Hapo msomaji hacheki. Anamwona mtu.

Sisi je? Katika miswada mingi ninayoletewa, mvuvi wa Lamu, mchungaji wa Kajiado na makanga wa Githurai wote huzungumza kama wasomaji wa taarifa ya habari. Ati hicho ndicho Kiswahili sanifu! Sikipingi Kiswahili sanifu. Nimekifundisha miaka na mikaka. Msimulizi na akitumie apendavyo. Lakini mhusika aliyenyang'anywa lafudhi, methali na vijineno vya kwao amenyang'anywa kwao kwenyewe. Wala dawa si kumtupia maneno mawili matatu yaliyopinda ili tumcheke. Dawa ni kumsikiliza kwanza, kwa muda mrefu, kama yule mtoto wa kuandika barua.

Gaines alifundisha katika chuo kikuu mjini Lafayette hadi 2004. Akajenga nyumba palepale kwenye ardhi ya shamba alikozaliwa, akalihamishia uani kwake lile kanisa alilosomea, na yeye na mkewe wakawa wanayatunza makaburi ya wazee wao. Alifariki Novemba 5, 2019, akiwa na miaka 86, akazikwa hapo hapo. Makaburi mengi ya pale hayana jina. Anayetaka kujua waliolala humo walizungumza vipi, na afungue vitabu vyake.