Maji, Baruti na Mtutu: Silaha Zilizokataa Kulia



Boma ambalo Wajerumani walilijenga hapa Arusha na kulikamilisha mwaka 1900 huelezwa mara nyingi kwa hesabu: askari wangapi, bunduki ngapi. Vita vya Afrika Mashariki kwa jumla vimeandikwa kwa hesabu ya namna hiyo. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba haitoshi. Bunduki haikuwa silaha mpaka ilie, na kulia kwake kulitegemea ukavu wa baruti na usafi wa mtutu. Waliozitumia walilijua jambo hilo vyema kuliko sisi tunaozihesabu, na Kiswahili kimehifadhi sehemu ya ujuzi wao.

Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe. Leo neno hilo husikika zaidi katika kumtaja mwanamume gumegume, yaani asiyefaa kitu. Na anayefahamu jinsi silaha ile ilivyozoea kukataa hatashangaa kuzikuta maana zote mbili katika neno moja. Fataki, ambayo watoto wetu huijua kwa kelele za sikukuu, ilikuwa kijikopo kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Mdeki ulikuwa ufito wa kushindilia baruti na risasi ndani ya gobore.

Huo mdeki unastahili kutazamwa zaidi. Baruti nyeusi haiungui yote: zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki ikiwa masizi na chumvichumvi, nyingine ikitoka na moshi, nyingine ikiganda ndani ya mtutu. Baada ya milio michache tundu la mtutu huwa jembamba, na risasi hushindiliwa kwa taabu. Ikikwama kabla ya kuifikia baruti, mtutu waweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Kitundu cha kupitishia moto nacho huziba. Cheche hutoka, bunduki hainguruma. Uchafu huo ukiachwa usiku kucha huvuta unyevu wa hewa na kuzaa kutu. Dawa yake ni maji, kwani chumvi ile huyeyuka. Basi mwenye gobore aliishi na maji kwa namna mbili zinazopingana: yaliuponya mtutu na yaliiua baruti.

Kwa nini silaha za namna hiyo zilidumu mikononi mwa Waafrika? Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara hili, lakini uliacha mlango kwa zile za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Dola za Ulaya zilijua zilichokuwa zikiruhusu.

Hapa sina budi kuuacha Mlima Meru kwa kitambo na kushuka kusini, ambako vita vya Majimaji vililipuka mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa dawa ya maji ambayo, kama ilivyosadikiwa, ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wengi wameieleza imani hiyo kuwa ni ujinga mtupu. Mimi sikubaliani nao. Dawa ile ilikuwa na mizizi ya kidini ambayo wenzangu wameieleza vizuri, lakini kwa maoni yangu iliingia masikioni mwa watu waliokwisha kuona kwa macho yao kwamba maji huizima bunduki. Kilichobadilika ni chombo. Risasi ya askari wa Kijerumani ilikuwa na baruti na fataki ndani ya ganda moja la shaba, na mvua haikuifikia. Huko Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bunduki za rashasha ziliwaua wapiganaji wengi mno.

Hata hivyo ganda la shaba nalo lina mwisho wake. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa Kijerumani walikuwa bado wanatumia Mauser ya mwaka 1871, yenye baruti nyeusi. Moshi wake mzito ulimtangaza mpigaji kabla hajatia risasi ya pili. Bunduki mpya zilitakiwa sana. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojibandika jina na bendera ya Kidenmark, ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliipiga. Nahodha aliijaza maji meli yake na kuwasha moto juu ya sitaha, adui akaamini kuwa imekwisha. Wazamiaji waliopoa sehemu kubwa ya shehena.

Lakini maji ya bahari yalikwisha kupenya. Jenerali Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba baruti na fataki zilizidi kuharibika siku hata siku, na risasi zilizokataa zikaongezeka. Huko Moshi, mwendo mfupi kutoka hapa, watu waliketi kwa miezi kutwa nzima wakizifungua risasi mojamoja, wakiisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Risasi nzima za zamani ziliwekwa kwa ajili ya rashasha. Zilizotengenezwa upya zilipimwa: kundi lililokataa kwa takriban asilimia 20 lilipelekwa vitani, na lililokataa zaidi ya hapo likaachiwa mazoezi.

Hivyo ndivyo walivyopewa risasi watu waliolinda mpaka huu wa kaskazini, miaka kumi tu baada ya maji ya Ngarambe kuchekwa. Kwa askari mwenye risasi kumi mkandani, kipimo hicho kilikuwa na maana kwamba mbili hazitalia, wala hakuna aliyeweza kumwambia ni zipi.