Barua-pepe ya kwanza ilikuwa ya majaribio

Wadau, mitihani imekwisha, nimepumua, na deni langu la kuwaandikia nalilipa leo. Mada imetoka kwenye mabishano ya bweni: utapimaje programu inayotuma barua-pepe bila kumsumbua mtu? Mshikaji wangu wa chumba anadai hilo si swali la historia. Mimi nasema ni historia tupu. Haya, sikilizeni.

Mwaka 1971, kampuni ya BBN, mji wa Cambridge, Massachusetts, Marekani. Ray Tomlinson ana kompyuta mbili zimekaa jirani kabisa, lakini zinawasiliana kupitia mtandao wa ARPANET. Anaandika kwenye moja, anahamia kwenye ya pili kuona kama kimefika. Aliandika nini? Baadaye alisema hakumbuki, labda QWERTYUIOP, yaani zile herufi za mstari wa juu wa kibodi. Kwa hiyo barua-pepe ya kwanza kupita kwenye mtandao haikuwa na salamu wala habari. Ilikuwa jaribio, na mtumaji ndiye alikuwa mpokeaji. Raha ilioje!

Mtindo huo wa tuma-kisha-chungulia ulidumu miaka mingi. Agosti 1982 Jon Postel akaandika kanuni za SMTP (RFC 821), na hadi leo seva zinaongea kwa msingi ule ule: jitambulishe, taja mtumaji, taja mpokeaji, mwaga ujumbe. Sasa angalia: humo ndani hakuna amri ya kusema "hapa najaribu tu, usipeleke". Seva ikishajibu 250, barua imepokelewa. Maji yamemwagika.

Tovuti zilipoanza kutuma barua zenyewe, za kuthibitisha usajili, risiti, kubadili neno la siri, balaa likakua. Watu walikuwa wakijaribu kwa anwani za kubuni, wakidhani hazina mwenyewe. Kumbe zinao! Juni 1999 ikatoka RFC 2606 kutenga majina ya mifano na majaribio: example.com, na miishio kama .test na .invalid. Sio wote waliosoma. Mwaka 2008 gazeti la Washington Post liliandika habari za Chet Faliszek, Mmarekani aliyemiliki donotreply.com. Makampuni, mabenki yakiwemo, yalikuwa yakiliweka jina hilo kama mtumaji, na majibu ya wateja yakawa yanamwangukia yeye.

Upande wa majaribio yanayojiendesha yenyewe, 1997 Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Wazo lake: programu ikague programu, kila siku, bila kuchoka. Lakini barua-pepe ilikuwa mfupa. Inaweza kufika baada ya sekunde moja au dakika kumi, na ukipima mara mia unajaza sanduku la mtu mara mia. Dawa ikawa posta ya bandia. Rails, iliyotoka 2004, ilikuja na hali ya majaribio ambamo barua haitoki, inawekwa kwenye orodha iitwayo deliveries. Jaribio linahesabu: imo moja? Inakwenda kwa nani? Kichwa chake nini? Django nayo ina outbox yake. Wa Python walikuwa pia na moduli ya smtpd, iliyoweza kujifanya seva na kuchapa barua kwenye skrini badala ya kuisafirisha. Iliondolewa kwenye Python 3.12, mwaka 2023, ila vifaa vingine vya kazi hiyo vipo tele.

Hapa ndipo nabishana na mshikaji wangu. Yeye anasema ukiona barua iko kwenye orodha, umemaliza. Wapi! Jirani yetu mmoja bwenini alikesha akisubiri kiungo cha kubadili neno la siri kwenye tovuti ya maombi (naihifadhi jina), siku ya mwisho ya kutuma maombi. Barua ikafika. Kubofya, kiungo kinaelekeza localhost, yaani kwenye kompyuta yake mwenyewe! Jaribio la "barua imo" lingepita hapo bila wasiwasi. Linalotakiwa ni lile linalofungua barua, linachomoa kiungo, linakifuata, linaweka neno jipya, kisha linaingia nalo. Ni refu, na watu wavivu.

Na posta ya bandia inasaidia tu kama barua haina mlango wa kutokea. Tarehe 17 Juni 2021 wateja wengi wa HBO Max walipokea barua yenye kichwa "Integration Test Email #1", ndani ikisema kiolezo hicho ni cha majaribio tu. Kampuni ikakiri kwamba ilitumwa kimakosa kwa sehemu ya orodha yake, na kwamba ndiyo, ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Watu mtandaoni wakamfariji kwa kusimulia madudu yao wenyewe kazini.

Mimi naelekea fildi mwaka huu, kwa hiyo msinitegemee nisipendelee. Ila niulize: nani aliacha jaribio na orodha ya wateja wa kweli vikae mahali pamoja, hadi mgeni wa ofisi aweze kuvigusa vyote viwili? Mshikaji wangu bado hajanijibu, amekwenda kula.