Tabaka: Mji Unaoishi kwa Jiwe Laini

Iko miji mingi duniani iliyozaliwa na mawe. Mji wa Mogok, katika nchi ya Burma ambayo siku hizi huitwa Myanmar, umejulikana kwa karne nyingi kwa sababu ya yakuti nyekundu zichimbwazo bondeni mwake. Mererani, karibu na Arusha, ulikua baada ya tanzanaiti kugunduliwa huko mwaka 1967. Mawe ya namna hiyo ni haba, na uhaba ndio bei yake: jiwe dogo la kufichwa kiganjani laweza kununua ng'ombe hata kabla ya kusuguliwa. Nchi ya Abagusii nayo inao mji wake wa mawe, lakini hali yake ni kinyume. Jiwe la Tabaka ni jingi, na likiwa bado shimoni halina bei kubwa. Thamani yake hutiwa na mkono wa mtu. Mwenye kulifahamu jambo hilo moja ataifahamu historia ya mji huo, na taabu zake pia.

Tabaka uko Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, mwendo wa zaidi ya kilomita 20 kutoka mji wa Kisii. Ni nchi ya vilima, yenye mvua ya kutosha, migomba na mahindi. Watu ni wengi na mashamba ni madogo, kwa kuwa kila kizazi hugawa tena ardhi iliyogawanywa na baba zao. Chini ya mashamba hayo limelala jiwe ambalo watu huliita jiwe la sabuni, maana ukilipapasa hutelezea vidole kama kipande cha sabuni. Liko jeupe, liko la kijivu, liko la rangi ya waridi, na liko lenye michirizi ya manjano na nyekundu. Ni laini hata kisu cha nyumbani chaweza kulikata.

Abagusii walilijua jiwe hili zamani, kabla ya kufika kwa wageni. Walichonga viko vya kuvutia tumbaku, bakuli, na bao za kuchezea, na unga wake mweupe walijipaka siku za sherehe. Lakini katika siku hizo hapakuwa na mtu aliyeishi kwa kuchonga. Mchongaji alikuwa kwanza mkulima na mfugaji. Akichonga, alichonga kwa matumizi ya nyumbani kwake na kwa jirani zake.

Mambo yakageuka Waingereza walipoingia. Mwaka 1905 askari wao waliwashambulia Abagusii, na mwaka 1907 serikali iliweka kituo chake mahali paitwapo Getembe, ambapo ndipo mji wa Kisii ulipo leo. Wenyeji walipaita pia Bosongo, yaani kwa Wazungu. Januari 1908 kijana mmoja jina lake Otenyo alimchoma mkuki Bwana Northcote, ofisa wa serikali, naye akajeruhiwa asife. Serikali ikalipiza kwa kuchoma nyumba, kuua watu na kuteka mifugo. Baada ya hapo kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Wengine walikwenda kufanya kazi ya kibarua mbali na kwao. Lakini watu wa Tabaka walikuwa na jiwe, na kidogo kidogo wakaanza kuwachongea wageni vitu ambavyo wao wenyewe hawakuwa na haja navyo: vinara vya mishumaa, visahani vya majivu ya sigara, wanyama wa porini. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watalii waliongezeka, na kazi iliyokuwa ya kujazia pengo ikawa tegemeo la familia nyingi.

Yafaa tuitazame kazi yenyewe, ili tujue bei hutokea wapi. Kwanza wachimbaji huondoa udongo wa juu, wakishuka kwa majembe, sululu na mitaimbo mpaka wafike penye jiwe safi. Machimbo yako katika mashamba ya watu, na mwenye shamba hutaka malipo yake. Mapande huvunjwa, hubebwa, hukatwa kwa msumeno na kuchongwa umbo kwa panga, kisha hufuata visu na patasi. Kuchimba na kuchonga ni kazi ya wanaume hasa. Kitu kikiisha kupata umbo huenda kwa wanawake, ambao hukaa mbele ya beseni la maji na kukisugua kwa msasa, mara ya kwanza kwa msasa mkwaruzo, halafu kwa msasa laini, mpaka mikono yao inakunjamana. Kikikauka hupakwa nta king'ae. Na vingine hutiwa rangi, kisha huchorwa nakshi kwa ncha kali inayofichua weupe wa jiwe. Bakuli moja, basi, limepita mikononi mwa watu wanne au watano kabla ya kuondoka kijijini.

Hapa ndipo lilipo swali gumu la mji huu: katika bei anayolipa mnunuzi wa mwisho, hao watano hupata kiasi gani? Mtazame jirani yao wa Nyamira anayelima chai. Majani yake hupimwa kwenye mizani, kiwanda kinajulikana, na mwisho wa mwaka kuna malipo ya ziada. Aweza kulalamika kuwa ni machache, na mara nyingi hulalamika, lakini anajua pa kupeleka malalamiko. Mchongaji hana mizani ya kazi yake. Dalali huja na bei yake mdomoni, na mwenye njaa hana muda wa kubishana. Jiwe ni zito, safari ya Nairobi au Mombasa ina gharama, na vitu vingi huvunjika njiani. Kwa sababu hiyo wachongaji waliunda chama cha ushirika na baadaye vikundi vya kujisaidia, ili wauze pamoja na kuwafikia wanunuzi wa ng'ambo bila kupitia mikono mingi. Vyama hivyo vimewafaa wengi, walakini si wote waliomo ndani yake.

Tena biashara hii hutegemea amani ya mbali. Ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu Nairobi mwaka 1998, watalii walipungua. Walipungua tena baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizuia hata ndege kuruka. Mwenye ndizi akikosa soko atazila ndizi zake. Mwenye kiboko cha jiwe atakila nini?

Na ziko hatari nyingine zisizotoka mbali. Vumbi la jiwe lililokauka huingia vifuani. Mvua ikinyesha kwa wingi kuta za machimbo hulegea, na kuporomoka kwake kumeua watu. Shimo likiisha kutoa jiwe hubaki wazi, na mahali hapo hapaoti tena mahindi. Shamba la chai huchumwa na kuchipua, jiwe halichipui. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali, lakini sheria iliyo kitabuni haiwezi kuzuia ukuta usianguke, wala haifukii shimo, mpaka watu waitimize.

Hata hivyo, linganisha Tabaka na Macalder, katika Kaunti ya Migori iliyo jirani. Huko kampuni ilichimba shaba na dhahabu, ikajenga mitambo, na mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Tabaka haukuwa na kampuni, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kuufunga. Hazina yake haikuwa katika mitambo bali katika ujuzi, ambao baba humpa mwana na mama humpa binti. Katika mji huo huo alizaliwa na kujifunza Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imewekwa makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe lake lilitoka katika ardhi ile ile inayotoa visahani vya majivu.

Vijana wa leo wa Kisii na Nyamira, mtakaposikia watu wakibishana juu ya madini, kumbukeni kuuliza maswali mawili. La kwanza ni lile ambalo kila mtu huuliza: kuna nini chini ya ardhi? La pili huulizwa mara chache, nalo ndilo la Tabaka: mkono ulioongeza thamani umelipwa nini? Mji uliojibu la kwanza tu utabakiwa na mashimo. Utakaojibu na la pili utakuwa bado na mafundi, hata siku jiwe litakapokwisha.