Kompyuta ya Nyumbani na Mfumo Mpya

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo, ukizitazama juu juu, zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yasema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Moja yatuonya tusikimbilie kipya. Nyingine yatuonya tusikawie kutengeneza kilichoharibika. Mtu mwenye kompyuta nyumbani hujikuta kati ya methali hizi mbili kila baada ya miaka michache. Huambiwa kwamba mfumo unaoiendesha mashine yake umezeeka, na kwamba yampasa kuhamia mpya. Je, afuate methali ipi? Tuiulize historia.

Kwanza, ewe msomaji, yafaa ujue mfumo wa uendeshaji ni kitu gani. Kompyuta ni kama jahazi: lina mbao, tanga na usukani, lakini haliendi popote pasipo nahodha. Mfumo ndio nahodha huyo. Ndio ugawao kumbukumbu kwa kila programu, ndio utunzao majalada katika diski, ndio uiamuruo printa ichape. Basi kubadili mfumo si kununua jahazi jipya, bali ni kumweka nahodha mpya katika jahazi lile lile. Na hapo ndipo shida huanza, kwa kuwa nahodha mpya huwa na mizigo mingi kuliko yule wa kwanza.

Kompyuta ndogo ya IBM ilipotolewa mwaka 1981, watu wengi waliiendesha kwa mfumo wa kampuni ya Microsoft uliotaka amri ziandikwe kwa maneno. Ukikosea herufi moja, mashine ilikukatalia. Tarehe 24 Agosti 1995 ukatoka mfumo wa Windows 95, wenye picha na vitufe vya kubonyeza, na katika miji mingi ya ng'ambo watu walipanga foleni madukani usiku wa manane ili waununue. Aliyeununua kwa disketi alipewa 13, akazitia moja baada ya nyingine. Mfumo huo ulidai kumbukumbu ya megabaiti 4 kwa uchache, lakini mwenye 4 tu aliiona kompyuta yake ikijikokota kama punda aliyezidishiwa mzigo.

Mwaka 2001 ulikuja Windows XP, nao ukataka megabaiti 64. Watu waliupenda sana. Windows Vista ulipofuata mwaka 2007, ukidai megabaiti 512, wengi walikataa kuhama. Walishika methali ya mbacha na msala, wala hatuwezi kuwalaumu, kwani mashine zao zilikuwa zikifanya kazi vizuri.

Hata hivyo, mfumo una nyufa zisizoonekana kwa macho. Wataalamu huzigundua siku baada ya siku, na wezi nao huzitafuta. Kampuni huziba kila ufa kwa kupeleka kiraka kupitia intaneti. Lakini hufika siku ambapo kampuni hutangaza kwamba haitaziba tena nyufa za mfumo wa zamani. Kwa Windows XP siku hiyo ilikuwa tarehe 8 Aprili 2014, na mamilioni ya watu walikuwa bado wanautumia.

Hasara ya kupuuza nyufa ilionekana tarehe 12 Mei 2017. Programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea katika nchi takriban 150, ikayafunga majalada ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali kadhaa zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Lakini angalia jambo hili: kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi Machi mwaka huo huo, na kompyuta nyingi zilizodhurika zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado ukitunzwa na kampuni. Wenyewe hawakukitia. Kwa hiyo kuwa na mfumo unaotunzwa hakutoshi, ikiwa mwenye nyumba hafungi mlango.

Tarehe 5 Oktoba 2021 ulitolewa Windows 11, nao wadai gigabaiti 4, yaani mara 1,024 ya zile megabaiti za mwaka 1995, pamoja na chipu maalumu ya usalama. Kompyuta nyingi nzima zilikataliwa. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma. Hapa pana jambo la kuhuzunisha: mashine isiyo na kasoro huitwa kuukuu, si kwa kuchakaa, bali kwa hesabu ya kalenda. Wenye mashine hizo hawakukosa njia kabisa. Baadhi yao hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, ambao hupatikana bila malipo, na baadhi ya aina zake hazihitaji mashine yenye nguvu nyingi.

Namfahamu mwalimu mmoja aliyeweka mfumo mpya usiku, akaifuta diski nzima pasipo kutoa nakala. Asubuhi alama za wanafunzi wake za muhula mzima hazikuwapo. Mfumo mpya uling'ara, lakini yeye alikaa mbele yake akilia.

Basi sasa twaweza kuzipatanisha zile methali. Mfumo ni ukuta, na ukuta hauna budi kuzibwa nyufa, na ukishindikana, kujengwa upya. Mbacha wako ni kazi zako: barua, picha za jamaa na hesabu za nyumba. Huo ndio usioupasa kuuacha. Siku utakapotaka kuhama, pima kwanza uwezo wa mashine yako, uhakikishe kwamba printa na programu zako zitakubaliwa, kisha uweke nakala ya kila kitu katika diski ya pembeni. Ukiisha kuukunja mbacha wako na kuuweka mahali salama, ndipo uubomoe ukuta.