Mchezo Katika Nyumba ya Makumbusho

Nyumba ya makumbusho ni ghala ya ukumbusho wa watu. Ndani yake huwekwa mitungi, mikuki, vigoda, ngoma na nyavu za wazee wetu, ili watoto wa baadaye wasije wakawa wageni katika nyumba yao wenyewe. Lakini ghala yaweza kujaa nafaka na watu wakalala njaa, kama mlango umefungwa na ufunguo umepotea. Mmoja wa funguo za mlango huo ni mchezo; nao ni ufunguo ambao mababu zetu walikuwa nao mkononi kabla ya nyumba ya makumbusho kujengwa.

Mtu akitoka Kondele, penye makutano ya barabara na kelele za magari na wachuuzi, mwendo wake si mrefu kuyafikia Makumbusho ya Kisumu, kando ya barabara iendayo Nairobi. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ukumbi wake mna vyombo vya watu wa Nyanza na majirani zao, na simba aliyekaushwa kwa ufundi, akiwa katika kumrukia nyumbu. Nje mna samaki wa ziwani, nyoka na mamba, na mna boma la Kijaluo la ukubwa wa kweli, liitwalo Ber-gi-dala. Mwanafunzi apitaye huko na daftari mkononi huona mengi. Swali ni hili: akirudi nyumbani, je, hubaki na nini?

Desturi ya makumbusho ya zamani ilikuwa desturi ya kimya. Katika Kenya, kazi hii ilianzishwa Nairobi mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, wengi wao Wazungu. Mwaka 1930 ikafunguliwa nyumba kubwa iliyopewa jina la Gavana Coryndon, na baada ya uhuru jina hilo likaachwa, ikawa Makumbusho ya Taifa. Katika nyumba za namna hiyo, duniani kote, mgeni alitakiwa kutazama kwa macho na kuiweka mikono yake nyuma. Sababu ilikuwa njema, kwa kuwa vitu vya kale ni dhaifu, na mikono elfu ikigusa ngozi ya ngoma, ngozi hupasuka. Hata hivyo hasara ilikuwapo, maana jicho husahau upesi kuliko mkono.

Hasara hiyo ilitambuliwa mapema na watu wa nchi mbalimbali. Mwaka 1899, katika Brooklyn, mjini New York, yalifunguliwa makumbusho ya watoto, na humo mtoto alikaribishwa kushika na kujaribu. Mwaka 1969, katika San Francisco, mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium, mahali ambapo wakubwa kwa wadogo hujifunza sayansi kwa kuzungusha, kuvuta na kuchezea vyombo vyenyewe.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Jirani zetu wa Kampala wana makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1908, yakahamia katika jengo lake la sasa mwaka 1954. Katika miaka hiyo yaliongozwa na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki. Yeye aliona kwamba ngoma isiyopigwa ni gogo na ngozi tu. Kwa hiyo wanamuziki walikaribishwa ndani ya jengo, wakapiga ala mbele ya wageni. Na Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa mwaka 1967, kikiwa na nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, na ngoma zikachezwa kwenye uwanja wake.

Basi sisi wa pwani ya ziwa tutajifunza jambo hili kama jipya? La. Zamani, katika nchi ya Wajaluo, watoto walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakategeana vitendawili na kusikiliza hadithi. Aliyeshindwa alichekwa, na kwa kuchekwa akakumbuka. Hapakuwa na ubao wala chaki, lakini nasaba, adabu na historia vilipita kutoka kinywa hadi sikio. Wazee nao walicheza ajua, mchezo wa mashimo na mbegu ulio ndugu wa bao la Waswahili. Mwenye kucheza huhesabu, hukumbuka, hupima nia ya mwenzake, na hujifunza kushindwa bila kukasirika.

Hapa ndipo penye jambo la kutisha. Mbao za ajua zaweza kutunzwa kwa kioo na kufuli muda wa miaka mia, na ajua yenyewe ikafa siku moja pamoja na mzee wa mwisho aijuaye. Ubao ni mwili wa mchezo. Roho yake imo katika vidole na akili za wachezaji. Makumbusho yaliyohifadhi ubao na kuupoteza mchezo yamezika maiti kwa heshima, hayakuhifadhi uhai.

Dawa yake si ghali. Ubao wa kale na ukae salama ndani ya kioo. Nje, chini ya mti, na uwekwe ubao mpya uliochongwa kwa mfano wake, na mbegu kando yake. Huko mzee aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake hatakaa pembeni akisinzia, atakuwa mwalimu. Na katika Ber-gi-dala, wanafunzi wapewe majina: huyu ni baba mwenye boma, yule ni mikayi, mke wa kwanza, na huyu ni kijana wa kiume. Kila mmoja atafute mlango wake. Mikayi atakuta kwamba nyumba yake inalitazama lango. Kijana atakuta kwamba simba, yaani nyumba yake, iko karibu na lango hilo. Aliyetafuta mlango wake mwenyewe hatasahau mpango wa boma kama anavyosahau aliyesomewa.

Wapo watakaosema kwamba mchezo huondoa heshima ya mahali. Mchezo usio na kanuni huondoa heshima, ni kweli. Lakini hakuna mchezo wa kweli usio na kanuni, na mwenye kuzishika kanuni za wazee wake amewaheshimu kuliko aliyepita mbele ya kioo akipiga miayo.

Mcheza kwao hutunzwa. Ewe mwanafunzi, siku utakapokwenda makumbusho, mchukue babu au bibi yako. Muulize mchezo mmoja wa utoto wake, nawe uucheze naye kabla jua halijatua.