Haki ya Yasuke: Historia na Michezo ya Video

Wahenga wetu walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Twaianza insha hii kwa usemi huo kwa kuwa tunakusudia kumzungumzia Mwafrika mmoja ambaye jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa katika maandishi, lakini ambaye leo vijana wengi duniani wanamfahamu kwa jina la Yasuke. Wengi wao hawakumjua darasani wala vitabuni. Wamemjua kwa njia ya mchezo wa video.

Mchezo huo, Assassin's Creed Shadows, ulitolewa na kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft mwezi Machi 2025. Unahusu Japani ya karne ya 16, na mchezaji huvaa nafsi za wahusika wakuu wawili: Naoe, mwanamke aliyebuniwa na watungaji, na Yasuke, mtu aliyeishi kweli. Katika mchezo wa mwaka 2017 wa mfululizo huo huo, uliohusu Misri ya kale, mhusika mkuu alikuwa Bayek, mtu wa kubuni, naye Malkia Cleopatra akawekwa pembeni. Sababu ya desturi hiyo si ngumu kuitambua. Mtu ambaye maisha yake yanajulikana sana humfunga mtungaji mikono. Yasuke ni wa namna nyingine: aliishi kweli, lakini habari zake ni mistari michache tu. Mtungaji hupata kwake ukweli wa kuanzia na uwanja mpana wa kubuni.

Basi mistari hiyo yasemaje? Yasuke alifika Japani mwaka 1579 akimtumikia padre Mjesuiti wa Italia, Alessandro Valignano. Mwaka 1581 alipelekwa mbele ya mtawala Oda Nobunaga mjini Kyoto. Nobunaga hakuamini kwamba rangi ile ni ya kuzaliwa, akaamuru aoshwe. Baadaye alimchukua katika utumishi wake. Barua za Wajesuiti zasema kwamba Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye, na kwamba watu walidhani huenda akafanywa bwana. Nakala moja ya tarehe ya Nobunaga yataja kwamba alipewa posho, nyumba na upanga mfupi. Shajara ya Matsudaira Ietada ya mwaka 1582 yaeleza kimo chake, kiasi cha sentimita 188.

Mwezi Juni 1582 Akechi Mitsuhide alimwasi Nobunaga, naye Nobunaga akajiua. Yasuke alikwenda kwa Nobutada, mwana wa bwana wake, akapigana kwa muda mrefu, kisha akasalimisha upanga. Mitsuhide aliamuru asiuawe, akidai kwamba yeye ni mnyama asiyejua kitu, wala si Mjapani; apelekwe kanisani kwa mapadre. Hapo ndipo habari zake zinapokoma. Utumishi wake kwa Nobunaga ulikuwa wa miezi kama 15 tu.

Mchezo ulipotangazwa mwaka 2024 yalizuka mabishano makali. Wako waliosema kwamba Yasuke hakuwa samurai hata kidogo, bali kioja cha kutazamwa. Wako waliomfanya jemadari mkuu aliyeshinda vita vingi. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimemdhulumu. Maandishi yaliyobaki hayamwiti samurai kwa neno hilo. Lakini posho, nyumba na upanga ni alama za mtumishi mwenye heshima katika nyumba ya bwana, na mtu aliyepigana baada ya bwana wake kufa hawezi kuitwa kioja. Kwa upande mwingine, vita vingi anavyoshinda mchezoni havimo katika maandishi.

Hatusemi kwamba ubunifu ni kosa. Hata sisi Waswahili tunao Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, ambamo nguvu za shujaa zimepita kimo cha binadamu. Msikilizaji wa utendi hajidanganyi. Ajua kwamba malenga anakuza. Hatari ya mchezo wa video ni kwamba majumba, mavazi na silaha vimechorwa kwa uangalifu mkubwa, hata kijana akadhani kwamba na matendo nayo yamethibitishwa vivyo hivyo.

Jambo hili latuhusu sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki kwa namna ya pekee. Mjesuiti François Solier aliandika mwaka 1627 kwamba Yasuke alitoka Msumbiji. Ushahidi huo ulikuja zaidi ya miaka 40 baadaye, kwa hiyo yafaa upokewe kwa tahadhari. Lakini ni dhahiri kwamba merikebu za Wareno zilichukua watu wengi wa pwani hii, wakauzwa Goa na kwingineko. Kumchagua mmoja aliyepewa upanga kuwa mhusika mkuu ni jambo la kufurahisha. Tusisahau kwamba nyuma yake wako wengi ambao hawakupewa hata mstari mmoja.

Hapana budi, basi, mwalimu asiwakataze wanafunzi mchezo huo, bali awafundishe kuupima. Na waandike katika safu tatu: lililoandikwa na watu wa wakati ule, linalokisiwa kwa sababu nzuri, na lililobuniwa. Watagundua kwamba safu ya kwanza ni fupi, na kwamba ufupi wake haumpunguzii Yasuke heshima. Nobunaga alimwosha ili aione rangi yake ya kweli. Mitsuhide alimwita mnyama. Sisi tusimpake rangi nyingine, hata kama ni ya dhahabu. Haki yake ni kusemwa kama alivyokuwa.