Viungo Laini vya Watoto wa Pugu na Mstari Uliochorwa Mahali Pabaya

Saa nne asubuhi, wakati wa uji, pita kwenye uwanja wa shule yoyote ya msingi kule Pugu, Dar es Salaam. Chini ya mwembe wasichana wanacheza mdako, na kila kete inapodakwa vidole vinapinda kwenda nyuma kama ukindu mbichi. Mmoja anakisukuma kidole gumba mpaka kinalala juu ya mkono wake. Wenzake wanamwiga, na wengi wanaweza. Je, hawa ni wagonjwa?

Kipimo cha ulaini wa viungo kinachotumika zaidi duniani ni cha Beighton, chenye alama 9: vidole vidogo, vidole gumba, viwiko na magoti, kila upande alama moja, na alama ya mwisho ni ya anayeinama bila kukunja magoti akaweka viganja sakafuni. Mizizi yake ni vigezo vya Carter na Wilkinson vya mwaka 1964, lakini kilikomazwa hapa hapa Afrika. Mwaka 1973 Beighton na wenzake waliwapima Watswana 1,081 wa Afrika Kusini, wakaona kwamba ulaini wa viungo hupungua haraka tangu utotoni, na kwamba wanawake huwazidi wanaume. Onyo hilo lilikuwemo tangu mwanzo. Tulichokifanya ni kulisahau, tukachukua alama 4 kuwa mpaka wa kila mtu, mtoto na mtu mzima.

Matokeo yake ni takwimu zinazopotosha. Uingereza, utafiti wa 2011 wa vijana wanaokaribia miaka 14 ulikuta asilimia 27.5 ya wasichana na 10.6 ya wavulana wamefikisha alama 4. Brazili, kwa watoto wa miaka 4 hadi 7, walikuwa takriban theluthi mbili. Tofauti hiyo haitoki kwenye taifa tu. Kwa sehemu kubwa ni umri. Jambo walilonalo watoto wawili kati ya watatu siwezi kuliita kasoro. Huo ndio utoto.

Jopo la kimataifa la maradhi ya Ehlers-Danlos, yanayolegeza viungo na ngozi, lilipandisha mpaka mwaka 2017: mtoto ambaye hajabalehe afikishe alama 6. Naunga mkono, ila hata 6 ni namba ya kuazima. Mzazi wa Pugu anayeambiwa mwanawe ana ugonjwa wa viungo atapanda daladala hadi hospitali ya Muhimbili, atapoteza siku ya biashara, na mtoto atakatazwa kuruka kamba, wakati misuli inayoshikilia viungo hujengwa kwa michezo hiyo hiyo.

Upande wa pili unaniuma zaidi. Yupo mtoto ambaye vidole vyake havishiki penseli kwa muda mrefu, mwandiko wake kama kuku amechakura, usiku analia miguu, na shuleni anaitwa mvivu. Huyu hahitaji fimbo. Anahitaji penseli nene, mapumziko katikati ya imla, na mazoezi ya mikono. Na yule ambaye bega linateguka mara kwa mara, au ngozi inavutika kupita kiasi, aende kwa wataalamu wa mifupa bila kungoja.

Kwa hiyo tuwapime watoto wetu wenyewe, tukianza na darasa la kwanza hadi la nne, Pugu, kisha Temeke na Kinondoni: kipimapembe mkononi, umri na jinsia vikiandikwa kando ya kila alama. Na kila mtoto aulizwe pia kama anaumwa, wapi, na lini.